Kabla taa hazijawashwa Ngome Kongwe

UNGUJA. Wiki za mwanzo za Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma, Ngome Kongwe huwa na sura mbili. Asubuhi ni watalii, wauza vinyago na wachoraji waliokaa kivulini. Alasiri malori madogo huanza kurudi kinyumenyume kuelekea langoni, na vijana hushusha vyuma, spika na masanduku meusi yenye magurudumu. Nyaya za umeme hulazwa juu ya nyasi na kufunikwa ili mtu asijikwae. Kelele kubwa ya siku hizo si muziki. Ni nyundo.

Wazazi wengi wanaijua ngome hii kwa usiku wake, usiku wa Sauti za Busara, kwa sababu picha zake husambaa kwenye simu kila mwaka. Wachache wameiona saa za nyundo. Kama nyumbani kuna kijana anayesema anataka kuwa promota, hapa ndipo pa kumleta kwanza, kabla hujamkatalia na kabla hujamkubalia.

Ngome yenyewe ni ya zamani kuliko nyumba nyingi zinazoizunguka. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa miaka ya 1690, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Baadaye ilitumika hata kama gereza. Leo ndani ya kuta zake kuna uwanja wa nyasi, na upande wa pili kuna ukumbi wa wazi wenye ngazi za mawe za kukalia, zilizozunguka nusu duara. Majukwaa mawili hukaa humo, na kuta nene zinazuia sehemu ya sauti isimwagike mjini. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, kwa hiyo mwandaaji hawezi kuja na msumari na kuupigilia ukutani apendavyo. Hata kamba ya kufungia bango ina adabu yake.

Ukisimama langoni unaiona Forodhani, bahari, na kushoto kwako au kulia kwako, kutegemea umesimamaje, mabaki ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Jambo hilo halikuhusu tamasha, lakini liliwakumbusha wote wanaofanya shughuli katika majengo ya kale kwamba ukuta si pazia la jukwaa. Nao una umri, na una uzito.

Sauti za Busara ilianza Februari 2004. Taasisi inayoiandaa, Busara Promotions, iliundwa mwaka mmoja kabla, na mtu ambaye jina lake limeambatana nayo kwa miaka mingi ni Yusuf Mahmoud, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Zanzibar. Kanuni moja ilitangazwa mapema na imebaki: kila anayepanda jukwaani hupiga muziki mubashara. Hakuna kuimba juu ya wimbo uliorekodiwa. Kwa msikilizaji ni raha. Kwa mwandaaji ni gharama, maana msanii anayekuja na CD huja na mtu mmoja wa kumshikia koti, lakini kundi la muziki mubashara huja na watu kumi, ngoma, magitaa, na mara nyingine qanun ambayo mwenyewe hakubali iwekwe kwenye sehemu ya mizigo ya ndege.

Hao watu kumi wanataka kulala, kula, na kufika. Wanaotoka Dar es Salaam wanapanda boti, safari ya takriban saa mbili kwa boti ziendazo kasi, na bahari ya kaskazi huweza kumchafua tumbo mpiga besi akashuka Malindi akiwa hajiwezi. Wengi wa wanaotoka Afrika Magharibi wanahitaji viza na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu Oktoba 2024 mgeni kutoka nje ya nchi anayeingia Zanzibar analipa pia bima ya safari, Dola 44 kwa mtu mzima. Kundi la watu kumi ni Dola 440 kabla hata uzi mmoja wa gitaa haujakazwa. Mtu aliyezoea kusikia kwamba promota ni yule anayetembea na wasanii na kuvaa miwani usiku, hapa hukutana na mtu mwenye daftari, simu mbili zinazokaribia kuzimika, na orodha ya pasipoti.

Kisha kuna vibali. Kwa shughuli za sanaa Unguja na Pemba anayehusika ni Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, maarufu kama BASSFU. Bara ni BASATA. Haki za waliotunga nyimbo zina ofisi zake, COSOZA kwa Zanzibar na COSOTA kwa Bara. Ongeza polisi, zimamoto, manispaa, na wasimamizi wa majengo ya kale. Hakuna katika hao anayeweza kurukwa kwa kuwa msanii ni maarufu. Vijana wengi wanaojaribu biashara hii huanza na bango, kisha ukumbi, kisha vibali. Wenye uzoefu hufanya kinyume, na bango ndilo huja mwisho.

Zanzibar imewahi kuuza muziki wake kabla ya neno promota kufika. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab, kilianzishwa mwaka 1905 na bado kipo. Mwaka 1928 Siti binti Saad, binti wa shamba aliyewahi kuuza vyungu, alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri. Safari ile ilikuwa na kila kinachomuumiza kichwa mwandaaji wa leo: nauli ya meli, malazi, malipo, na kampuni iliyohitaji kuhakikishiwa kwamba kuna watu pwani watakaonunua lugha yao wenyewe. Waliponunua, kampuni zilirudi kutaka zaidi. Wazazi wanaosema kazi ya muziki ni ya kisasa mno kwa maadili ya visiwani wangefaa kukumbuka kwamba bibi zao walizisikiliza santuri hizo wakiwa wamejifunga buibui.

Hata hivyo hofu ya wazazi si ya kupuuza. Inatokana na mambo waliyoyaona. Onyesho limetangazwa, tiketi zimeuzwa, msanii hakutokea na mwenye kuuza tiketi hapatikani kwenye simu. Au mtoto aliyekopa fedha za harusi ya dada yake akaziweka katika tamasha la ufukweni, mvua ikanyesha.

Hesabu iko hivi, na ni ya kubuni tu kwa ajili ya kuonyesha njia. Tuseme kijana ameandaa onyesho dogo, kiingilio Sh10,000, akitegemea watu 400. Mapato ni Sh4 milioni. Kundi la muziki linataka Sh1.2 milioni. Mitambo na jukwaa Sh900,000. Ukumbi Sh500,000. Matangazo Sh400,000. Chakula, usafiri na malazi Sh350,000. Ulinzi na huduma ya kwanza Sh300,000. Jenereta na mafuta Sh250,000. Vibali Sh200,000. Jumla Sh4.1 milioni. Watu wamejaa, wameshangilia, picha ni nzuri, na kijana ana hasara ya Sh100,000. Wakija watu 250 tu kwa sababu ya wingu zito, hasara ni Sh1.6 milioni. Hapo hajajilipa yeye mwenyewe hata nauli ya daladala.

Ndiyo maana matamasha makubwa hayaishi kwa tiketi peke yake. Yanategemea wadhamini, balozi, mashirika ya utamaduni, na wenye hoteli wanaojua kwamba wageni wa Februari hawakufuata fukwe tu. Utegemezi huo nao una siku zake mbaya. Mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika. Waandaaji walitangaza mapema, mwaka 2015, kwamba fedha hazikutosha, na badala ya kulazimisha wakafunga mlango. Februari ile Ngome Kongwe ilikaa na wachoraji wake na paka wake.

Tangazo lile halikuwa jambo dogo. Mwandaaji anayesema "mwaka huu hatuwezi" miezi kadhaa kabla huumiza wengi: mama wa vitafunio Forodhani, dereva wa teksi, mwenye nyumba ya wageni Kiponda, msanii aliyekwisha kuanza mazoezi. Lakini hamwachi mtu mlangoni akiwa na tiketi mkononi. Tamasha lilirudi Februari 2017, na lilirudi kwa sababu watu waliokuwa wakilidai walikuwa hawalidai fedha. Katika kazi hii jina likishaharibika halitengenezwi kwa bango jipya.

Na kuna mwaka wa giza, giza la kweli. Desemba 2009 umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na Unguja ikakaa bila umeme kwa takriban miezi mitatu, hadi Machi 2010. Visima vilikosa pampu, samaki walioza sokoni, na usiku wa Darajani ulikuwa wa kandili na ngurumo za jenereta. Tamasha la Februari 2010 lilifanyika hivyohivyo. Jukwaani palikuwa na mwanga na nje ya kuta mji ulikuwa mweusi. Mtu anaweza kuuliza kama ilikuwa haki kuwasha taa za muziki wakati watu hawana maji. Wengine waliuliza. Jibu la wenye biashara ndogondogo lilikuwa kwamba wageni wa wiki ile waliwaachia chochote katika msimu ambao hoteli nyingi zilikuwa zimepoteza wateja.

Kwa nini Februari? Kwa sababu mvua. Vuli imekwisha, masika inasubiri Machi, na kiwanja kisicho na paa hakina ujanja wa kushindana na masika. Lakini kalenda ya Zanzibar haipimwi kwa mvua peke yake. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2025 tamasha lilifanyika tarehe 14 hadi 16 Februari, na Ramadhani ikaingia mwanzoni mwa Machi. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu tarehe 8 Februari, mwandamo wa mwezi ukithibitisha. Mwandaaji wa Unguja kwa hiyo anapanga akiwa na kalenda mbili ukutani, na hakuna mdhamini, hata awe mkubwa namna gani, anayeweza kumsogezea mwezi.

Adhana nayo iko katika ratiba. Misikiti ya Mji Mkongwe imesongamana kiasi kwamba ukisimama uwanjani utaisikia zaidi ya mmoja. Fundi anayejaribu spika wakati wa adhana ataambiwa azime, na mwandaaji anayeijua Unguja huiandika nafasi hiyo kwenye ratiba tangu mwanzo ili asionekane ameombwa. Ni mambo kama haya ambayo hayafundishwi chuoni. Kijana wa Ng'ambo anayajua tayari kwa kulelewa tu, na hiyo ni faida aliyonayo mbele ya mtaalamu anayeletwa kutoka mbali.

Siku ya kwanza ya tamasha kwa kawaida huwa na maandamano ya ngoma kupita mitaani hadi Forodhani. Kuna beni, kama ile ya Mbwa Kachoka, jina ambalo watoto hulitamka mara ishirini kwa siku bila kuchoka wenyewe. Kuna ngoma za mashamba, sarakasi, na kinamama kwenye baraza wanaotoka kutazama bila kulipa senti. Kwa familia yenye watoto wadogo hii ndiyo sehemu bora, bora kuliko usiku. Ni mchana, ni bure, na ukichoka unakata kichochoro unarudi nyumbani. Baadhi ya miaka jukwaa moja huwekwa Forodhani pia, na hapo mtoto anaweza kusikiliza huku akimaliza urojo wake.

Ndani ya ngome kuna kiingilio, na bei hutofautiana: Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa mbali. Wapo wageni wanaolalamika. Wasingelalamika kama wangehesabu mshahara wa mwalimu wa skuli ya Makunduchi na nauli yake ya kurudi usiku.

Mzazi anayekwenda na mtoto atazame mambo mawili, na yote mawili ni kipimo cha mwandaaji pia. La kwanza ni masikio. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa viwango vya maeneo ya muziki, na kiwango cha juu kilichopendekezwa ni wastani wa desibeli 100 ndani ya dakika 15. Mtoto asimamishwe mbele ya spika. Kifaa cha kuziba masikio kipo, na kama hakipo basi ngazi za nyuma zinatosha, sauti hufika huko ikiwa imepungua.

La pili ni milango. Usiku wa kuamkia mwaka 2023 jijini Kampala watu walitoka kutazama fataki katika jengo moja la biashara, kisha wakasongamana njiani. Watu wasiopungua tisa walikufa, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Muziki haukuua mtu pale. Njia ndiyo iliyoua. Ngome ilijengwa ili watu wasiingie kwa urahisi, na anayeifanya ukumbi lazima aigeuze kazi hiyo: ajue idadi ya walio ndani, aache njia wazi, aweke watu wa kuelekeza, na akubali kusema "pamejaa" huku nje kuna watu wenye fedha mkononi. Hapo ndipo promota hutambulika. Yule anayeendelea kuuza tiketi, hata awe mcheshi vipi, mtoto wako asijifunze kwake.

Mabinti wana mtihani wa ziada. Kazi hii ni ya usiku, na jirani huhesabu saa aliyorudi binti wa mwenzake kwa uangalifu kuliko saa ya mwanawe. Zanzibar imekwisha kuyaona haya. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, alisemwa sana kabla ya kusifiwa, kisha mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX nje ya nchi, na Sauti za Busara ikawa moja ya majukwaa yaliyompokea hadi uzeeni. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Waliomsema walikuwamo mazikoni.

Siku hizi njia imekuwa wazi kidogo. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kinachojulikana kwa ufupisho wa DCMA, kilianza mwaka 2002 hapa mjini na kimefundisha vijana wa kike na wa kiume oud, qanun, fidla na ngoma. Waliounda Siti and the Band walipitia huko. Lakini si kila anayependa muziki ana sauti au vidole, na hapo ndipo upande wa nyuma ya jukwaa unapokuwa na nafasi ambazo wazazi hawazijui majina: fundi wa sauti, fundi wa taa, msimamizi wa jukwaa anayeita kundi linalofuata, mtu wa usafiri, mhasibu, mkalimani, mtu wa tiketi, mpishi. Msichana aliyekaa nyuma ya meza ya kuchanganyia sauti akiwa na hijabu yake hahitaji kumweleza mtu yeyote anafanya nini. Kazi inasikika.

Ukweli wa upande wa pili ni kwamba nyingi ya kazi hizo ni za wiki moja, mbili. Anayeishi kwazo huunganisha: Februari ngome, baadaye tamasha la filamu la ZIFF ambalo nalo hulitumia eneo hilihili, katikati harusi, mikutano ya hotelini, kampeni. Fundi mzuri wa sauti hakosi harusi. Kwa hiyo mzazi anayemuuliza mwanawe "utakula nini?" ameuliza swali la haki, na kijana aliyejiandaa atajibu kwa kutaja miezi, si kwa kutaja wasanii.

Kuna jambo ambalo vijana wenyewe huligundua wakiwa wamejitolea mara moja. Mtu wa tamasha haoni tamasha. Kundi analolipenda linapanda, naye yuko getini anashughulika na jina lisilo kwenye orodha. Anasikia makofi kupitia ukuta wa mawe. Baadhi huondoka baada ya usiku wa kwanza na hawarudi, na hilo ni jema, wamejijua mapema na kwa gharama ya viatu tu. Wanaorudi asubuhi ya pili saa mbili, macho mekundu, kuokota chupa kabla jua halijawa kali, hao ndio wa kuzungumza nao juu ya mtaji.

Jumatatu baada ya tamasha vyuma hufunguliwa kwa mpangilio uleule, kinyume. Nyasi zimelala pale jukwaa lilipokuwa. Kwenye meza ndogo kivulini mtu anagawa bahasha na kusainisha majina, kwa sababu fundi asiyelipwa leo hatapokea simu mwakani, na boti ya Dar inaondoka mchana. Wachoraji wamerudisha picha zao ukutani. Mwandaaji anauliza kama risiti ya mafuta ya jenereta imepatikana, kisha anafungua kalenda ya mwezi na kuanza kuhesabu kurudi nyuma siku kumi na moja.